Akina Zaituni wa Dirisha la Kadi

Nilimshuku karani wa dirisha la kadi kwa miaka mingi, na sioni haya kusema kwamba kumshuku kulinipa raha. Nimezaliwa na jicho hilo. Mama yangu alitulea kwenye makazi ya wakimbizi, miongoni mwa watu waliotoka Burundi na walichoweza kubeba kichwani, na alitufundisha kwamba mtu akija na karatasi na kalamu usimpe jina lako mpaka ujue karatasi hiyo inakwenda kulala wapi. Kwa hiyo mtu ambaye kazi yake ilikuwa kulala na karatasi za watu, nilimwangalia mara mbili.

Jina lake ninalijua, lakini sitaliandika. Asili yake sikuwahi kuuliza, na ukoo wake haunihusu. Pale kituoni kwetu Mpanda sisi wafanyakazi tulimwita Karani, na wagonjwa walimwita Mzee wa Kadi. Kila asubuhi alikuja kwa baiskeli kutoka Kasokola, suruali imebanwa mguuni kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu, na alifika kabla ya mlinzi hajamaliza kufagia. Mtu anayewahi kazini namna hiyo bila kulazimishwa, mimi nilikuwa ninajiuliza anawahi nini.

Niseme mapema kilichonichoma, ili nisionekane mchawi anayemwinda mzee wa watu bure. Dada yangu anaishi Nsemulwa na mumewe. Alipojifungua mtoto wa sita, damu ilimtoka mpaka daktari akamwambia wazi kwamba mimba nyingine inaweza kuondoka naye. Shemeji hakutaka kusikia habari za kupumzika kuzaa. Kwake yeye huko ni kumsahihisha Mungu. Basi dada akaja kituoni kwetu kimyakimya, akawekwa mkononi kijiti cha kuzuia mimba, asimwambie mtu. Hakuniambia hata mimi ninayefanya kazi jengo hilohilo. Miezi michache baadaye wadodosaji wawili wa utafiti, wenye vishikwambi, walisimama mlangoni kwake, mumewe akiwa hapo hapo anaziba pancha, wakasema wanawafuatilia akina mama wanaotumia kijiti. Siri ile ilitoka kituoni kwetu, na niliamini kwamba aliyeitoa ni Karani.

Sasa nimweleze mtu mwenyewe.

Alikuwa na penseli moja sikioni na nyingine mfukoni, zote kazichonga kwa wembe. Kalamu ya wino hakuigusa mpaka mgonjwa awe amekuja mara tatu. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Binti, mtu mara ya kwanza anakupa jina la woga. Mara ya pili jina la heshima. Mara ya tatu ndiyo anakupa lake." Nilicheka, lakini moyoni nilisema huyu anajiachia nafasi ya kufuta.

Jambo jingine, mwanamke akifika dirishani na kuulizwa jina, Karani aligeuka nyuma. Alijifanya anatafuta kitu rafuni, akampa mgongo mpaka amalize kulitaja. Wanaume hakuwapa mgongo. Wanaume aliwakazia macho na kuwauliza jina mara mbili, tena kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kijana mmoja alimlalamikia kwamba anawadhalilisha. Karani akamjibu, "Nyie hamna cha kuficha ila madeni, pita huku."

Katika mambo mengine mdomo wake haukuwa na kifuniko. Nani kauza ng'ombe, nani kahamia Kawajense kwa hasira, mchungaji gani amegombana na kwaya yake, yote uliyapata dirishani kwake ukitaka na usipotaka. Ugonjwa wake mwenyewe aliutangaza kama mnada. Alikuwa na ngiri, na hakuna muuguzi, mfagiaji wala mgeni kutoka mkoani ambaye hakuelezwa ngiri ile imeshuka mpaka wapi. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alikuwa anasema akijishika kiuno. Siku moja nikamkamata hapo hapo. Nikamwambia kama methali hiyo ni ya kweli, kwa nini wewe unawafichia wenzako? Akatafuna karanga zake mbichi taratibu, kisha akasema, "Methali inamsema anayeficha yake. Ya mwenzio ukiitangaza, hapo sijaona imesema nani anaumbuka." Sikupenda jibu lile, kwa sababu lilikuwa zuri.

Na alikuwa mwongo. Sisemi kwa chuki. Alidanganya wakaguzi kwa utulivu ambao sijauona kwa mtu mwingine. Wakija kuomba kadi fulani ambayo hataki waione, alisema imeliwa na mchwa. Alikuwa na kipande cha jalada kilicholiwa na mchwa kweli, akakihifadhi kwenye droo kwa ajili ya ushahidi. Kila mkaguzi alionyeshwa kipande hichohicho. Mchwa wa Katavi ni wengi, hilo hakuna anayebisha, kwa hiyo wakaguzi waliandika "mchwa" na kuondoka. Mimi nilikuwa ninakaa nyuma yake nikihesabu ni mambo mangapi mtu huyu anaweza kuyatia mchwa.

Kazi yangu ilikuwa kuingiza data. Ulipoletwa mfumo wa kompyuta, mimi ndiye niliyepelekwa semina, nikarudi na cheti na imani kubwa. Tuliambiwa kila mgonjwa atakuwa na namba moja, majina matatu, simu na mtaa, na akienda kituo kingine chochote nchini wataona historia yake. Nililiamini jambo hilo, na bado ninaliamini. Mama yangu alipotezewa karatasi zake za uraia mara mbili, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba karatasi ni salama kuliko mashine.

Karani aliukataa mfumo kwa ujanja wa kujifanya mjinga. Panya ya kompyuta aliishika kwa vidole viwili kama kitu kilichokufa. Alisema macho yake hayaoni kioo. Tukamwonea huruma, tukamwacha na vitabu vyake. Kisha siku moja nilisahau mwavuli, nikarudi, nikamkuta ameketi kwenye kiti changu, anaandika kwa vidole viwili haraka haraka na kupekua ukurasa baada ya ukurasa, bila miwani. Aliponiona alisimama bila kushtuka. "Nilikuwa naangalia hili dude linajua nini," alisema. Nikamuuliza limejua nini. "Mengi," alisema, akachukua baiskeli yake. Kuanzia siku hiyo nilifunga kompyuta kwa neno la siri hata nilipokwenda chooni.

Lakini kilichonifanya niamini kabisa kwamba mzee ana lake jambo ni akina Zaituni.

Kituo chetu kina akina Anastazia, akina Veneranda, akina Kabula na Nyamizi wa kila umri. Zaituni huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi. Sasa nilipoanza kuhamisha vitabu vya uzazi wa mpango kuingia kwenye mfumo, nilikutana na Zaituni Ramadhani. Kurasa mbili mbele, Zaituni Ramadhani mwingine. Mfumo ukawa unaniwekea maandishi mekundu kwamba jina linajirudia. Nikawahesabu, wakafika ishirini na tisa, wote wa mwandiko wa Karani. Pembeni ya kila mmoja kulikuwa na neno dogo la penseli: karanga, alizeti, tumbaku, mbaazi, mpunga. Mapato ya shamba zima yalikuwa yameandikwa pembeni mwa Zaituni.

Akilini mwangu lilikuja neno moja, wagonjwa hewa. Nilijua watu hutunga majina ili dawa zionekane zimetumika. Nikamfuata na kitabu mkononi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Huyu Zaituni ni nani?"

"Marahaba. Yupi?"

"Unaniuliza yupi? Wapo ishirini na tisa!"

"Ndiyo maana nakuuliza yupi," alisema. Kisha akashusha sauti. "Ni wanawake, binti. Wapo, wanatembea, wengine umewasalimia leo. Hawataki majina yao yakae humu. Mimi nawaazima hilo. Akija dirishani ananiambia yeye ni karanga, nami najua."

"Na majina yao ya kweli yako wapi?"

Akajigonga kichwa. Nikajua anadanganya, kwa sababu nilikwisha kuona daftari dogo la jalada la bluu kwenye droo yake, limefungwa mpira, na ndani mna maneno yale ya mazao na namba za simu, maana wauguzi walizihitaji kuwakumbusha akina mama tarehe. Pamoja na daftari kulikuwa na sanduku la viatu lililojaa kadi ambazo wenyewe hawakutaka zifike nyumbani. Fikiria mtu mmoja anashika siri za wanawake ishirini na tisa kwenye droo isiyo na kufuli. Kama si kwa kuwatisha, anaziweka za nini? Ndivyo nilivyofikiri, na sikuwa mpumbavu kufikiri hivyo.

Wala si kwamba utaratibu wake haukuwa na madhara. Wiki moja alikwenda msibani. Mwanamke akaletwa na ndugu zake kwa bajaji, amezimia, hasemi. Ndugu wakataja jina lake. Tukatafuta kwenye mfumo, hayupo. Tukatafuta vitabuni, hayupo. Muuguzi akamchoma sindano ambayo mwili wake haupatani nayo, akavimba uso mpaka macho yakapotea, na tulihangaika naye mpaka jioni ndipo akapumua vizuri. Alipoamka alituambia kwa aibu kwamba yeye ni alizeti. Nikaenda kwenye sanduku la viatu. Kadi ya alizeti ilikuwepo, na juu yake imeandikwa kwa wino mwekundu asipewe dawa ileile. Nililia kwa hasira. Karani aliporudi nilimwambia mbele ya watu kwamba siku moja mtu atakufa kwa jina la Zaituni. Siku ile karanga zake hakuzigusa.

Lakini kabla hajarudi kutoka msibani, siku moja tu baada ya alizeti kuzimia, nilikuwa nimekwisha kufanya jambo ambalo wakati huo nililiona la kishujaa, na ninaliandika hapa kama lilivyokuwa. Nilichukua daftari la bluu kwenye droo. Nikachukua simu ya ofisi. Kila mtu wa hapa anaijua njia hii: unaandika namba kama unayetaka kuitumia hela, na kabla hujathibitisha, jina la mwenye laini linajitokeza. Unalisoma, unakatisha. Nilifanya hivyo mara ishirini na tisa. Akina Zaituni wakafutika mmoja mmoja, majina ya kweli yakaingia kwenye mfumo, kila moja na mtaa wake kama ulivyokuwa kitabuni. Maandishi mekundu yakaisha. Nilirudisha daftari mahali pake nikiwa na furaha ya mtu aliyefua nguo nyingi.

Miezi ilipita, ukaja utafiti. Walikuwa na barua, vibali na fomu za ridhaa, na waliomba orodha ya akina mama wa kijiti ili wawafuatilie wanaendeleaje. Sina ubaya na utafiti. Bila utafiti hata kijiti chenyewe tusingekipata. Orodha ilitoka kwenye mfumo kama taratibu zinavyotaka. Vijana wa vishikwambi wakaingia mitaani, na katika nyumba moja ya Nsemulwa wakasimama mbele ya shemeji yangu na pancha yake.

Dada alikuja kwangu Kawajense siku hiyohiyo na mtoto mgongoni. Alikaa wiki tatu. Ndipo nilipojua kila kitu, kwa kilio. Alinieleza kwamba wadodosaji waliletwa mlangoni na jirani yake, mama wa Kisukuma anayeuza maziwa, lakini hakusikia vizuri walivyoanza, kwa sababu alikuwa ndani. Mimi jambo la kwanza nililofanya ni kujikagua. Nilifungua mfumo, nikatafuta jina la dada katika yale ishirini na tisa niliyoyaingiza. Halikuwemo. Nikatafuta tena, halikuwemo. Nikashusha pumzi. Kama si mimi, basi ni daftari la bluu, na daftari la bluu lina mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea.

Kamati ya kituo ikaitisha kikao. Nilisimama nikasema kuna daftari, kuna sanduku la viatu, kuna akina Zaituni. Nilisema vizuri sana. Karani akaulizwa kama ni kweli. Alisimama, mkono kiunoni, akasema, "Daftari ni langu." Akaulizwa kama aliwaonyesha watafiti. Akasema tena daftari ni lake, akaketi. Kikao kizima tulichukua hilo kuwa kukiri. Hakufukuzwa, alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, akaambiwa apumzike nyumbani. Dirisha nikapewa mimi. Habari ikamtangulia Kasokola, na nilisikia kwamba wanawake waliokuwa wakimsimamisha njiani kumsalimia sasa wanapita wakiangalia mahindi.

Dada alirudi kwa mumewe kwa sababu ya watoto. Sharti lilikuwa kijiti kitolewe. Kikatolewa, na mwaka haukuisha akashika mimba ya saba. Alijifungua kwa damu nyingi kuliko mara ya kwanza, tukamkimbiza hospitali kubwa, tukachangia damu ndugu wote, na alipona kwa rehema tu. Daktari hakumficha: ya nane asijaribu. Mtoto alipofikisha miezi minane nilimwambia dada aje awekewe tena, nitamshughulikia mwenyewe. Akakataa.

"Siendi kwenye dirisha lile mpaka nijue nani aliniuza," alisema.

"Si unajua ni yule mzee? Ameshaondoka."

"Wewe ndiye unasema. Yeye hajaniambia. Nenda kamuulize anijibu kwa mdomo wake. Kama ni yeye, ameondoka, nitakuja. Kama siyo yeye, basi aliyeniuza bado yumo humo, na mimi humo sikanyagi. Bora nife nyumbani kwangu."

Ndiyo maana Jumamosi moja nilipanda bodaboda kwenda Kasokola. Nilimkuta ameketi mlangoni mwa ghala lake anapukuchua mahindi, amekonda, penseli bado sikioni ingawa hana cha kuandika. Nikamwamkia.

"Marahaba," alisema. "Umekuja kunikamata au kununua mahindi?"

Nilikaa juu ya gunia. Nikamwambia dada anataka jibu, na kwa nini anataka, na itakuwaje asipolipata. Alisikiliza huku mikono ikiendelea na gunzi. Nilipomaliza aliuliza, "Wale vijana wa vishikwambi, siku ile walikuwa wanamtafuta nani?"

"Si dada yangu?"

"Nakuuliza jina. Walikuja Nsemulwa na jina la nani?"

Sikulijua. Katika miaka yote hiyo ya kushuku, jambo hilo sikuwahi kuliuliza.

"Kabula Masanja," alisema. "Yule jirani wa maziwa. Walifika kwake, wakamwambia mama unatumia kijiti. Akawaambia mimi bibi mzima nitatumia kijiti cha nini? Wakamsomea namba ya simu. Akasema aa, laini hii nilimsajilia jirani yangu, kitambulisho chake kilikuwa hakijatoka, twendeni niwapeleke. Akawapeleka kwa moyo mweupe. Alikuja kwangu kesho yake analia, hajui amekosea nini."

Jina lile nililiona. Lilijitokeza kwenye simu ya ofisi, Kabula Masanja, nikaliandika kwenye mfumo kwa vidole vyangu, mtaa Nsemulwa, na nikafurahi kwamba Zaituni mwingine amepungua. Namba ya dada siijui kichwani, kwenye simu yangu imekaa kwa jina lake tu. Wengi wa watu wetu laini zao zimesajiliwa kwa vitambulisho vya wengine, hata mimi yangu ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wangu. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote pale kituoni, na sikulikumbuka.

"Mimi Kabula sijawahi kumwandika," alisema Karani. "Dada yako nilimwandika mbaazi. Na daftari niliporudi msibani nililikuta mpira umevutwa upande wa pili."

"Ulijua tangu siku ile ya kikao?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

Aliweka gunzi chini, akachukua jingine. "Dada yako alikuwa amelala kwako wakati ule. Ningesema, angekwenda kulala wapi?"

Nataka kusema kwamba nilimwangukia miguuni. Sikufanya hivyo. Nilimshuku hata hapo. Nilijiuliza mzee huyu aliyenitunzia kosa langu miaka yote anataka kulitumia lini. Nilimuuliza wazi, maana ndivyo nilivyo, "Mzee, unataka nini kwangu?"

Alicheka mpaka akashika ngiri yake. "Nataka ukafute lile la Kabula, yule bibi wa watu bado anahesabiwa ana kijiti," alisema. "Na yule alizeti nilimkosea. Wewe ulisema kweli siku ile. Nimewaza sana, sijapata namna ya kuficha jina na kuiacha dawa ionekane. Nyie mliosoma mtafute."

Kisha akaniambia jambo alilokuwa amekwisha kuliamua, nadhani, tangu nilipokuwa ninamsimulia habari ya dada. "Mwambie ni mimi. Mwambie nimekubali kwa mdomo wangu na nimeomba msamaha. Ataenda Jumatatu."

"Mzee, watu huku tayari wanakupita bila salamu."

"Basi hawataongeza kitu," alisema. "Nenda, mvua inakuja."

Sikubisha sana. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Ningeweza kusema hapana, ningeweza kwenda Nsemulwa nikapiga magoti na kusema ni mimi, na dada angeacha kuja kwenye dirisha ninalokaa, na mimba ya nane ingemkuta nyumbani. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa njia nzima. Ipo pia sababu nyingine, kwamba niliogopa uso wake, na sijui ni ipi ilikuwa nzito zaidi.

Nilimkuta dada uani anamnyonyesha mtoto. Shemeji hakuwepo. Dada hakunikaribisha wala kunipa kiti, aliniuliza nikiwa bado nimesimama.

"Amesemaje?"

"Amekubali," nilisema. "Ni yeye. Ameomba msamaha."

Alimhamisha mtoto titi la pili, na nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

"Basi Jumatatu nitakuja," alisema. "Utaniwekea wewe mwenyewe jina, nisimpe mtu mwingine."

"Nitakuwekea."

"Na yule mzee," alisema, "Mungu atamlipa."

Nikaitikia, "Amina."